Palizi ya mahindi: hesabu siku tangu kuota

Tukifika shambani wiki ya sita tukakuta mahindi yamezongwa na majani, mkulima huwa na jibu tayari: "Nilisubiri miche ikomae kidogo, jembe lisiikate." Ana huruma na mche, ila hasara ameshaipata.

Hindi likiwa changa halivumilii kubanana. Magugu huliumiza zaidi kati ya wiki ya pili na ya sita tangu kuota. Hata kabla hayajalifunika, mche huhisi mwanga unaoakisiwa na majani ya jirani, ukaanza kurefuka kuwania jua huku mizizi ikidumaa. Isitoshe, idadi ya mistari ya punje kwenye gunzi huanza kupangwa mche ukiwa na majani sita mpaka nane, haujafika hata kiunoni. Palizi ya wiki ya nane hupendezesha shamba tu. Mistari ile haiongezeki.

Kwa hiyo andika tarehe mahindi yalipochomoza, hata kwa mkaa ukutani. Palizi ya kwanza iwe wiki ya 2 hadi ya 3, ya pili wiki ya 5 hadi ya 6. Mbolea ya kukuzia ifuate palizi, maana ukiweka urea penye magugu, wa kwanza kunenepa ni gugu. Udongo ukiwa umelowa chapachapa, acha jembe: gugu lililong'olewa na kutupwa kwenye tope hushika tena. Chagua asubuhi yenye jua, likaukie juu. Ndago ndiyo sugu, ina viazi vyake chini, kwa hiyo usishangae ukiirudia.

Wanaopuliza dawa ya magugu nao wana wakati wao. Atrazini hutaka udongo wenye unyevu na magugu machanga. Glaifoseti ni ya kusafishia shamba kabla mahindi hayajaota, kwani haichagui. Dawa yoyote, hakikisha imesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania.

Kiduha, gugu nyonyaji, kina hesabu yake. Kinapochungulia juu, kimeshanyonya mizizi ya mahindi kwa wiki kadhaa. Ukiking'oa sasa, mavuno ya msimu huu hayarudi. Hata hivyo king'oe kabla hakijaweka mbegu. Shina moja hutoa mbegu makumi ya maelfu, ndogo kama vumbi, na zinaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10. Ukingoja kikauke ndipo ukibebe kukitoa shambani, njia nzima unapanda.