Breka ya gereji ikikata usiweke kubwa zaidi

Wengi wanaotupigia simu ofisini hawaulizi namna ya kuvuta umeme mpaka gereji, hiyo wameshamaliza wenyewe wikiendi, wanauliza mbona breka inakata kila wakiwasha kompresa. Afu linalofuata ni lilelile, naweza kuitoa hii ya ampea 20 nikaweka ya 32? Hapana jamani.

Breka inalinda waya, hailindi kompresa wala haikulindi wewe. Ukiweka ya 32 kwenye waya wa 2.5 (unene wake, milimita za mraba) uliojibana ndani ya bomba, waya ni uleule, ila sasa utapata moto, plastiki italainika, na yote yanatokea ukutani au darini ambako huoni kitu, mpaka siku unasikia harufu. Na inakata kwa sababu mota ikianza kuzunguka inavuta umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida, na mashine ya kuchomelea nayo, ya kilowati 5 kwa volti 230 inakula karibu ampea 22, wakati soketi zetu za miguu mitatu mwisho wake 13. Mashine za hivyo zinavutiwa laini yake kutoka mein swichi, waya wa 4 au wa 6 kutegemea mzigo na umbali, na breka yake. Sio eksitensheni iliyopitishwa dirishani toka sebuleni.

Ukinunua waya ukwangue kwa kisu, ukiona wekundu juu tu na ndani ni mweupe hiyo ni aluminiamu iliyopakwa kopa, rudisha dukani.

Ishu ya asi, ule waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja, ndo watu wanaipuuza kuliko zote. Sakafu ni zege, ina unyevu, mtu kavaa kandambili kashika grainda yenye bodi ya chuma, hapo breka ya 20 haina habari naye kabisa maana umeme wa kuua mtu ni wa miliampea tu. Unahitaji asi iliyopimwa, pamoja na kile kifaa cha kukata umeme ukivuja, chenye kitufe cha T, cha miliampea 30. Kibonyeze leo, kisipokata umeme basi ni pambo la ukutani.

Soketi ziwe juu, usawa wa meza hivi, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na cheche ya plagi inatosha kuuwasha.

Kufunga plagi fanya mwenyewe: brauni upande wa fyuzi, bluu kushoto, kijani-njano juu, kaza skrubu vizuri maana iliyolegea ndo inayounguza soketi. Laini mpya mwachie fundi mwenye leseni ya EWURA (wadhibiti wa nishati na maji Tanzania), na mwambie akuonyeshe hiyo leseni, usione haya. Kama breka yako ilishabadilishwa ikawa kubwa kuliko waya, zima hiyo laini sasa hivi, usingoje fundi aje Jumamosi.