Tetemeko si mtetemo

Nimemsikia tena mtu akieleza, kwa kujiamini kabisa, kwamba kwenye delta ya mto Lena huko Siberia kuna "msimu wa matetemeko ya ardhi", eti kipupwe cha kule ni kikali hadi ardhi inatetemeka. Simlaumu sana. Kiswahili chenyewe kimemponza.

Tetemeko limetokana na tetema, tetemeka. Na sisi tunatetemeka kwa hofu, kwa homa na kwa baridi, basi ardhi nayo ikitetemeka kwa baridi sikio halishtuki. Tunalo pia neno zilizala, la Kiarabu, anayesoma sura ya 99 ya Kurani analijua. Hilo ni kutikiswa tu, halina baridi hata chembe. Laiti tungelishikilia hilo.

Tetemeko la ardhi ni miamba iliyobanwa au kuvutwa miaka na miaka, ikaachia ghafla kilomita kadhaa chini. Delta ya Lena iko jirani na mpaka wa mabamba mawili, yaani vipande vikubwa vya gamba la dunia: la Ulaya na Asia na lile la Amerika Kaskazini, yanayoachana milimita chache kwa mwaka. Huko chini hakuna Januari wala Julai.

Chenye msimu ni kingine. Ardhi ya kule imeganda mamia ya mita kwenda chini. Baridi ikizidi ghafla, tabaka la juu hunywea na kupasuka, mfano wa udongo mweusi wa mbuga wakati wa ukame: nyufa zilezile, vipande vya pembe tano, sita. Ufa ni mwembamba, ukucha tu ndio unapita, kumbe umeshuka mita kadhaa. Huo ni mpasuko, na mtetemo wake ni wa juujuu. Barafu ya mto ikivunjika kuelekea Juni, nayo hutetemesha kivyake.

Halafu kuna hesabu ya matetemeko. Kiangazi barafu ya bahari ya Laptev, inakomwagikia Lena, huyeyuka, mawimbi yanatikisa pwani, na vyombo vya kupimia mitetemo vinajaa kelele zinazofunika matetemeko madogo ya kweli. Chati inaonyesha machache, mtu anatangaza yamepungua. Ni sawa na kusema nyenje wamenyamaza kwa kuwa jirani kafungulia redio.

Basi, ndugu yangu, ukitaka kuutaja msimu, sema mitetemo ya barafu. Au sema mipasuko, ndiyo bora zaidi.