Mbizi ya mzuka: ndege ya mafunzo Meteor T.7 na breki zake za hewa

Ukipitia kumbukumbu za ajali za Jeshi la Anga la Uingereza, RAF, za mwanzoni mwa miaka ya 1950, kuna ajali ya namna moja inayojirudia hadi moyo unachoka. Ndege ya mafunzo Gloster Meteor T.7 inarudi uwanjani. Anga ni nyeupe, injini zote mbili zinanguruma sawasawa. Iko futi 1,000 juu ya ardhi, magurudumu yanashushwa. Ghafla pua inakwenda mrama, inainama, ndege inabinuka na kuchimba shimo shambani. Mwalimu na mwanafunzi wote wamekufa. Marubani waliita jambo hilo mbizi ya mzuka. Chanzo chake lakini hakikuwa mzuka hata kidogo, na ndicho ninachotaka kukieleza hapa.

T.7 iliruka mara ya kwanza Machi 1948. Ilitokana na Meteor ya kivita ya kiti kimoja, ila pua ilirefushwa kwa sentimita 76 ili kupata nafasi ya kiti cha pili, na juu ya viti hivyo viwili kukawekwa kifuniko kirefu cha vioo chenye fremu nzito. Mkia ukaachwa ule ule wa zamani, wa mviringo. Hapo ndipo pa kutazama. Mkia wa ndege hufanya kazi kama unyoya wa mshale: huirudisha pua mbele kila inapoyumba. Ukiongeza ubavu mbele bila kuongeza mkia nyuma, unyoya unakuwa mdogo kwa mshale wake. Kwa mwendo mkubwa huwezi kuona tofauti. Kwa mwendo mdogo, tofauti hiyo inaua.

Sasa mwanafunzi amezoea ndege za rafadha, yaani za mapanga yanayozungushwa na injini. Kwenye hizo, ukipunguza nguvu ya injini, rafadha yenyewe inakukamata kama breki. Meteor ni ndege ya jeti, haina rafadha. Ukipunguza nguvu inaendelea kuteleza tu. Ili apunguze mwendo kabla ya kushusha magurudumu, anafungua breki za hewa, yaani vibao vinavyosimama juu na chini ya bawa, kati ya kiwiliwili na injini. Vinafanya kazi vizuri, mwendo unashuka upesi. Kosa ni kuvisahau wazi, kisha kushusha magurudumu.

Magurudumu ya Meteor hayakuteremka pamoja kila mara. Moja lilitangulia, jingine likafuata nyuma yake kidogo. Kwa muda huo mfupi upande mmoja unaburuzwa na hewa kuliko mwingine, na pua inavutwa upande huo. Peke yake si tatizo. Lakini breki zikiwa wazi, hewa inayofika mkiani tayari imevurugika, na pua ikishakwenda upande, kile kifuniko kirefu nacho kinaongeza vurugu. Usukani wa mkia unakosa hewa safi ya kushika. Vibawa vya nyuma, vinavyoinua na kuinamisha pua, navyo vinalegea. Rubani anavuta fimbo, na fimbo haijibu. Hatari hii ilianza mwendo uliposhuka chini ya kilomita 315 hivi kwa saa, yaani mwendo ule ule wa kujiandaa kutua.

Piga hesabu. Kilomita 315 kwa saa ni karibu mita 88 kwa sekunde. Futi 1,000 ni mita 305. Hata kama mbizi si ya wima kabisa, una sekunde nne au tano. Dawa ilikuwepo: funga breki, subiri hewa itulie, inua pua. Ilihitaji kimo ambacho mtu anayejiandaa kutua hana. Kujirusha nako hakukuwezekana, kwa kuwa T.7 haikuwa na viti vya kujirusha. Ilibidi kwanza kile kifuniko kizito kiondoke, kisha mtu apande nje kwa mikono yake.

Namna ya pili ya kufa katika T.7 ilikuwa zoezi la kutua kwa injini moja, nyingine ikizimwa makusudi, nalo naliona baya zaidi kwa sababu lilikusudiwa kuokoa watu. Injini zake mbili, za aina ya Derwent, zilikaa mbali kwenye mabawa. Moja ikizimwa, nyingine inaisukuma ndege upande, na rubani anazuia kwa mguu, akikanyaga pedali ya usukani wa mkia. Mguu ulinyooshwa hadi goti likajifunga, paja likaanza kutetemeka, na bado mwanafunzi alitakiwa kuushikilia hivyo hadi karibu na ardhi. Mwenye miguu mifupi, au aliyekaa vibaya kitini, alikuwa ameshindwa kabla ya kuanza. Kila ndege ya aina hii ina mwendo ambao chini yake usukani wa mkia hauwezi tena kuishinda injini moja yenye nguvu zote. Mwanafunzi akiona anakaribia kutua vibaya, magurudumu na flapu (vibao vya nyuma ya bawa vya kutulia) zikiwa chini, anasukuma nguvu zote ili apae tena. Ndege inabinukia upande wa injini iliyokufa. Kitu pekee cha kumwokoa ni kupunguza nguvu ya ile injini inayofanya kazi, na mwili wa binadamu unakataa kufanya hivyo ardhi ikimjia usoni. Zoezi hili liliua watu wengi kuliko injini zilizozimika kweli.

Haya yote yalitokea katika haraka. Vita vya Korea vilipoanza mwaka 1950, marubani walihitajika kwa wingi, na shule za marubani nchini Uingereza kama za Driffield, Middleton St George, Full Sutton na Worksop zikajaa. Mwaka 1952 peke yake RAF ilipoteza ndege zaidi ya 500 za aina zote, na watu zaidi ya 300 wakafa. Kwa Meteor za RAF, hesabu ya miaka yote ni karibu ndege 890 na marubani 450. Vijana wengi kati yao walikuwa na miaka kama ishirini.

Ukitaka kuitambua mbizi ya mzuka katika ripoti ya zamani, usianzie kwenye injini. Tafuta silinda za hidroliki, zile zilizosukuma breki na magurudumu kwa mafuta yenye shinikizo: zilikutwa zimerefuka au zimerudi ndani? Hapo utajua kama breki zilikuwa wazi na magurudumu yalikuwa yanashuka. Angalia pia shimo. Likiwa fupi na lenye kina, mabaki yakiwa mahali pamoja, ndege iliingia kwa pua.

Kanuni iliyotokana na vifo hivyo ni fupi: breki za hewa zifungwe kwanza, ndipo magurudumu yashuke. Ikawekwa kwenye ukaguzi wa kabla ya kutua. Tarehe 30 Mei 1988, miaka arobaini baada ya T.7 ya kwanza kuruka, T.7 ya maonyesho iliyokuwa bado mikononi mwa RAF ilianguka Coventry mbele ya umati, na rubani wake akafa. Maelezo ya ajali hiyo yanarudi kwenye vibao vile vile: breki za hewa wazi, magurudumu yanashuka.