Kikopo cha dharura mfukoni: cha kubeba na cha kuacha

Likizo inakaribia, na vikundi vinavyokwenda kupiga kambi Usambara, Uluguru na Kilimanjaro vimeanza kutuuliza sisi waokoaji maswali yaleyale: tubebe nini, tuache nini? Nia ni njema. Ila vifaa hununuliwa vingi, vikashindiliwa kwenye begi kubwa, na begi likabaki hemani mtu anapotoka "mara moja tu" kuchota maji. Cha kukuokoa ni kile ulichonacho mwilini.

Kikopo cha bati kinachoenea kiganjani kinatosha: blanketi jembamba la kung'aa la kuzuia baridi, tochi ndogo, vidonge vya kutibu maji, plasta, na dawa unazotumia kila siku. Filimbi isikae humo, ivaliwe shingoni. Puliza mara tatu, tulia, rudia. Anayepiga kelele hukauka koo mapema. Uzi, sindano na pini mnajua wenyewe.

Someni maelekezo ya vidonge vya maji. Vingi vya dukani vimepimwa kwa ndoo ya lita 20, hivyo kidonge kizima kwenye chupa ya lita moja ni dozi mara ishirini. Tafuteni vya ujazo mdogo, na msubiri dakika 30 kabla ya kunywa.

Sasa mifuko. Katazo la mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa nchini Tanzania lilianza tarehe 1 Juni 2019. Anayekutwa nayo anakabiliwa na faini isiyopungua Sh 30,000 na isiyozidi Sh 200,000, au kifungo kisichozidi siku saba, au vyote viwili. Kwa hiyo kiberiti kisifungwe kwenye rambo. Kichupa cha dawa chenye kifuniko cha kusokota kinazuia maji vizuri zaidi.

Na kuwa na kiberiti si kibali cha kuwasha moto. Ndani ya Hifadhi ya Kilimanjaro moto wa kambi hauruhusiwi, hata ule "mdogo wa chai". Mlima uliungua Oktoba 2020, ukaungua tena Oktoba 2022.

Wanaosafiri kwa ndege: kisu cha kukunja kiende kwenye mzigo unaopakiwa chini, pawabenki ibaki mkoba wa mkononi, na ikizidi Wh 100 (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri) iombewe ruhusa ya shirika la ndege. Watu hufanya kinyume, kisha wanagombana na wakaguzi.

Wembe wa kuchanja palipoumwa na nyoka, pamoja na lile jiwe jeusi, viacheni nyumbani. Tumeshasema hadi tumechoka. Kuchanja kunaongeza damu na maambukizi, na jiwe halinyonyi sumu. Mgonjwa atulizwe, kiungo kilichoumwa kisitikisike, abebwe kupelekwa kituo cha afya.

Zimamoto na Uokoaji ni 114, polisi 112. Andikeni namba hizo kwenye karatasi ndani ya kikopo, pamoja na jina la kijiji cha karibu na njia mliyopandia. "Tupo msituni, kuna mti mkubwa" hakutuwezeshi kuwapata.