Gesi kutoka haidreti: kisima kilidumu siku ngapi?

Kila zinapotoka habari kwamba nchi fulani imewasha moto kwa gesi ya "barafu inayowaka", huulizwa itafika lini sokoni. Mimi huuliza kwanza kisima kilidumu siku ngapi.

Barafu hiyo ndiyo haidreti: methani, yaani gesi kuu katika gesi asilia, iliyofungiwa ndani ya vizimba vya molekuli za maji. Hutulia penye baridi na mgandamizo mkubwa: chini ya sakafu ya bahari kuu, au chini ya ardhi iliyoganda daima karibu na Aktiki. Mita moja ya ujazo ikivunjika hutoa takriban mita za ujazo 164 za gesi, na hapo ndipo tamaa inapoanzia.

Lakini gesi hii haitiririki yenyewe ukishaifikia. Ni kitu kigumu kilichojaa kati ya punje za mchanga, kwa hiyo lazima uivunje hukohuko chini. Huko Mallik, kaskazini mwa Kanada, mwaka 2002 walizungusha maji ya moto kisimani. Gesi ilitoka kidogo, maana joto jingi huishia kwenye mawe. Alaska mwaka 2012 waliingiza kaboni dioksaidi pamoja na nitrojeni ili ichukue nafasi ya methani. Wazo zuri, ila huenda polepole mno. Njia ninayoiamini ni kupunguza mgandamizo: pampu inavuta maji ya kisimani, kimo chake kinashuka, na haidreti ya jirani inaanza kuachia gesi.

Wajapani walifanya hivyo Nankai, baharini kusini mwa Japani, mwaka 2013 wakapata takriban mita za ujazo 120,000 kwa siku sita, kisha mchanga ukawakatisha. Ndivyo ilivyo: katika mashapo hayo, yaani tabaka za mchanga na matope ambazo bado hazijawa mwamba, haidreti yenyewe ndiyo inayoshikamanisha punje, na ikishaondoka mchanga hufuata maji hadi kisimani. Waliporudi mwaka 2017 na vichujio vipya, kisima cha kwanza kilisimama kwa mchanga vilevile. Cha pili kilikwenda siku 24.

Kikwazo kingine ni joto. Kuvunja vizimba hula kama asilimia 6 ya nishati utakayoipata ukiichoma methani hiyo, kwa hiyo hoja kwamba tunapoteza nishati nyingi kuliko tunayopata hainitishi. Kinachonisumbua ni kasi. Joto hilo hutoka kwenye tabaka za jirani, nazo hulipitisha taratibu. Ukishusha mgandamizo kwa pupa, tabaka hupoa, haidreti hujiunda upya na njia za gesi huziba. (Wahandisi wa mabomba hawashangai, tangu miaka ya 1930 wanahangaika na haidreti hiyohiyo ndani ya mabomba yao.)

Ndiyo maana jaribio la China la mwaka 2020 huko Shenhu, katika Bahari ya China Kusini, lilinivutia. Walichimba kisima cha mlalo, kinachogusa eneo kubwa zaidi la tabaka, wakapata mita za ujazo 861,400 kwa siku 30. Hata hivyo, kisima kizuri cha gesi ya kawaida baharini huweza kutoa kiasi hicho kwa siku moja.

Mwaka 2023 Wajapani na Wamarekani walianza jaribio refu zaidi Alaska, nchi kavu, ambako hakuna gharama ya meli ya kuchimbia inayokuhimiza ufunge kazi. Katika takwimu zake ningeangalia kwanza maji na mchanga unaopanda pamoja na gesi, kisha kama uzalishaji unaongezeka kadiri eneo lililovunjika linavyopanuka, kama mifano yetu ya kompyuta inavyotabiri.