Nausicaä wa kitabuni si yule wa filamu

Wengi waliotazama filamu ya katuni ya Kijapani ya mwaka 1984 kuhusu Nausicaä, binti mfalme wa bonde dogo, huamini wameshaijua hadithi yote: binadamu aliiharibu dunia, msitu wenye sumu unaisafisha taratibu, na amani itapatikana watu wakiacha vita. Kwa filamu, ni sawa. Lakini Hayao Miyazaki, mwongozaji wa filamu hiyo, alianza kuichora manga yenyewe (kitabu cha hadithi ya katuni) mwaka 1982 na hakuimaliza hadi 1994. Filamu ilipotoka, sehemu kubwa ya hadithi ilikuwa bado haijachorwa.

Katika juzuu za mwisho mambo yanageuka. Msitu ule si dawa ya maumbile. Ulitengenezwa kwa makusudi na wataalamu wa kale. Hata miili ya watu wa sasa ilibadilishwa ili istahimili sumu, kiasi kwamba hewa iliyotakasika kabisa itawaua. Katika mji wa Shuwa yamehifadhiwa mayai ya binadamu wapya, wapole, watakaoirithi dunia safi. Nausicaä anayaangamiza. Ndiye huyohuyo ambaye kwenye filamu anafufuka kama mkombozi! Hapa anakataa usafi uliopangwa na wengine na kuchagua uhai pamoja na uchafu wake. Kisha, jambo ambalo mimi naliona zito kuliko yote, anawaficha watu wake ukweli huo.