Noti ndani ya chungwa: jinsi ninavyotengeneza mchezo mpya wa mazingaombwe

Vijana wanaotaka kuingia kwenye mazingaombwe wananiulizaga sana "hiyo siri umeipata wapi", nami nawajibu siri ndo kitu rahisi kuliko vyote, zimejaa vitabuni na kwenye video, za kununua na za bure. Kazi ni kuigeuza siri iwe mchezo ambao mama aliyekaa meza ya nyuma kabisa kwenye sendoff atamsimulia jirani yake kesho na jirani ataelewa. Leo nawaeleza nilivyoujenga mchezo wangu wa noti ndani ya chungwa. Siri yenyewe siitoi, msinifuate inbox, naeleza kazi inayoizunguka.

Naanzaga na sentensi moja. Kabla sijashika kitu chochote naandika mtu atakachosema akifika nyumbani, na kwa mchezo huu niliandika hivi: "kachukua noti ya mtu, ikapotea, wakakata chungwa noti ikawa humo humo ndani". Basi. Nikiona sentensi imejaa "halafu", yaani alichagua karata halafu akarudisha halafu akahesabu halafu akampa mwingine ashike, najua huo ni mchezo wa kuonyeshana sisi wafanya mazingaombwe wenyewe kwa wenyewe, ukumbini hautembei.

Mchezo wenyewe ni wa zamani. Emil Jarrow alikuwa anaufanya kwa limao kwenye majukwaa ya Marekani zaidi ya miaka mia iliyopita, na wengi mpaka leo wanatumia limao. Sasa huku kwetu limao lina maana yake nyingine. Ukichukua hela ya mtu, ukaipoteza, halafu ukatoa limao au ndimu au yai, watu hawaoni tena mchezo, wanaona mambo ya mganga, na mwenye noti anaanza kuwaza chuma ulete, ule uchawi wa kuvuta hela za watu, unamwona kabisa anavuta pochi yake anaibana kwapani. Huyo hawezi kufurahi hata umfanyie nini. Ndo maana nikaenda kwenye chungwa, lile la kijani la Muheza, ambalo kila mtu Dar ameshamenyewa barabarani akala huku anatembea. Halimtishi mtu.

Ila ukibadilisha tunda umebadilisha kila kitu. Chungwa ni kubwa, linajaza mkono, lina maji mengi, kwa hiyo kunakuwa na kisu, sahani, kitambaa cha kupangusa, na lazima uamue nani anashika nini na saa ngapi. Na hayo maji yenyewe yakawa faida, maana noti ikitoka imelowa na inanukia chungwa hakuna anayeuliza kama kweli ilikuwa ndani.

Kuhusu hofu hii ya uchawi nataka niseme kitu kikubwa kidogo. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimpeleka Robert-Houdin Algeria, mtu aliyekuwa na ukumbi wake wa mazingaombwe Paris, ili awashinde kwa maajabu viongozi wa dini waliokuwa na nguvu kwa wananchi. Alikuwa na sanduku dogo lenye sumaku ya umeme iliyofichwa, Paris lilikuwa burudani, lakini kule akamwita mwanaume mwenye misuli akamwambia nimekuondolea nguvu zako, na kweli sanduku likagoma kunyanyuka. Kifaa ni kile kile, maneno ndo yaliyobadilika, na watu wakatoka na hofu. Mimi nikiandika maneno ya mchezo nakumbuka sana hiyo habari. Nikipanda jukwaani sisemi nina nguvu, sitaji majini, simwambii mtu nimeona kesho yake. Nasema huu ni ujanja wa mikono niliojifunza, na watu wanashangaa vile vile, tena wanashangaa kwa raha.

Hatua inayokula muda mwingi ni kufunga milango, yaani kuziba kila njia ambayo mtazamaji anaweza kudhani nimeitumia. Juan Tamariz, mfanya mazingaombwe wa Hispania, ameandika sana juu ya hili: mtazamaji anatengeneza majibu yake kichwani, hata yasiyo sahihi, na jibu la uongo likimridhisha mchezo umekufa pale pale. Kwa hiyo naorodhesha. Atasema ni noti nyingine: basi mwenyewe anaipiga picha namba yake kwa simu kabla hajanipa, sipendi noti iandikwe kwa peni. Atasema chungwa limetobolewa: analishika yeye, analigeuza, analinusa. Atasema yule ni mwenzako: nampa mtu mwingine kabisa achague wa kutoa noti. Lakini kila mlango unaoufunga unakula muda, na ukifunga yote kwa maneno unaonekana unajitetea, "angalieni sina kitu mkononi", mtu ambaye hakuwa na wasiwasi anaanza kuwa nao. Mingi naifunga kimya kimya, chungwa linakaa mikononi mwa bibi harusi tangu mapema na silitaji.

Upande wa mikono mwalimu wangu ni maandishi ya Arturo de Ascanio, wakili wa Madrid aliyekuwa bingwa wa karata. Yeye alifundisha kwamba tendo la siri lisisimame peke yake, lipite tu njiani wakati mkono unaenda kufanya kitu chenye sababu. Mkono ukiingia mfukoni bure watu wanauliza umefuata nini. Ukiingia kuchukua kitambaa kwa sababu maji ya chungwa yanachuruzika, nani atauliza? Ndo maana kitambaa kipo kwenye mchezo wangu, na ndo maana chungwa lazima lichuruzike kabla sijalifuta.

Mazoezi nafanya mbele ya simu, kioo nakitumia mwanzoni tu, kwa sababu kwenye kioo ukifika kwenye tendo lenyewe unapepesa macho bila kujua na unaona umepita salama. Simu haipepesi. Naiweka mbele, halafu kushoto, halafu nyuma, maana kwenye harusi zetu kuna mpiga video anazunguka mpaka mgongoni kwako na taa yake, na shuleni watoto wanakaa pande zote mpaka chini ya miguu. Mchezo usiostahimili mgongo sifanyi Bongo, hata uwe mzuri vipi.

Ukishakaa mikononi naupanga katikati ya shoo, kabla yake mchezo ninaouamini na baada yake mwingine ninaouamini, ili ukiyumba watu wasiondoke na kuyumba. Shoo ikiisha sikimbilii gari. Nakaa karibu na wahudumu na wapishi nasikiliza wanavyosimuliana. Wakianza kusema "hakuigusa kabisa ile noti" wakati niliigusa wazi wazi, najua hapo pamekaa. Kitu ambacho hakuna anayekitaja nakikata. Kwenye mchezo huu kulikuwa na utani mzima kuhusu bei ya machungwa, watu walicheka kila mara lakini hakuna aliyewahi kuusimulia, na ulikuwa unamchelewesha mwenye noti ambaye muda wote anawaza msimbazi wake. Nikautoa.

Sasa hivi nahangaika na nani akate. Nikikata mimi ni safi na haraka, akikata mwenye noti mwenyewe ukumbi unasimama kuangalia lakini kisu kikienda vibaya noti ya watu inachanika. Kwa sasa nakata ganda mimi kuzunguka lote, halafu namwachia yeye alifungue kwa mikono yake.